Sinki linarudisha maji na kabati linavimba: kabla fundi hajaja mara ya nne

Swali: Fundi, naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga. Sinki langu la jikoni ni la mabakuli mawili. Lilianza kushusha maji polepole, na nikimwaga upande mmoja yanapanda kwanza upande wa pili. Fundi amekuja mara tatu. Mara mbili alimwaga dawa. Mara ya tatu alitoa lile bomba lililopinda chini ya sinki akaweka jipya lenye mikunjo. Wiki mbili tu likaziba tena, na tangu hapo asubuhi jikoni kunanuka kama yai viza, usiku wanatoka mende wakubwa, na ubao wa chini wa kabati umevimba kwa maji. Sasa ananiambia sinki limechakaa, ninunue jipya. Nifanyeje? Na je, nikiendelea kumwaga kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, kila Jumamosi kuna ubaya?

Jibu: Dada yangu, pole kwa usumbufu, na sinki usinunue. Sinki ni bakuli lenye tundu. Kama halijatoboka kwa kutu wala kupasuka, halina namna ya kuchakaa mpaka likarudisha maji. Tatizo lako liko mbele zaidi, na ukisoma tena ulichoandika utaona kwamba kuziba kulikuwepo tangu mwanzo, ila harufu, mende na ubao kuvimba vimekuja baada ya lile bomba jipya. Tutavitenganisha hivyo hivyo.

Lakini nianze na kostiki, ingawa umeiuliza mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonishtua. Iache leo.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa nyumba moja Kimara kufungua sinki. Nilikuwa na kijana niliyekuwa namfundisha kazi. Alilala chali ndani ya kabati, akalegeza nati ya trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki, maji yakamwagikia shavuni na jicho la kushoto. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwaga kostiki usiku uliopita na hakutuambia. Hakujua kwamba ni jambo la kumwambia fundi. Tulimtoa nje tukamweka chini ya koki, mimi nikashikilia kope kwa vidole viwili, maji yakapita jichoni dakika 20 bila kukatika, ndipo tukampeleka hospitali. Jicho lilipona. Tangu siku ile sishiki nati ya mtu kabla sijauliza: humu umemwaga nini, na lini? Nawe fundi yeyote akija kwako, mwambie hata kama hajauliza.

Ukiacha hatari hiyo, kostiki haifanyi kazi unayoitegemea. Kostiki ikikutana na mafuta inatengeneza sabuni, na hivyo ndivyo mche wa sabuni unavyotengenezwa. Kwenye utando mwembamba wa mafuta itasaidia. Kwenye donge nene inatoboa njia nyembamba katikati, maji yanashuka siku nne au tano, unafurahi, halafu ile sabuni chafu inaganda humo humo juu ya mafuta yaliyobaki. Jumamosi inayofuata unamwaga tena. Ndiyo mzunguko uliomo. Tena usithubutu kuichanganya na maji ya betri ambayo baadhi ya mafundi wanatembea nayo kwenye chupa ya soda: tindikali na kostiki vikikutana vinachemka na kuruka usoni. Jiki nayo ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini, na jiko dogo lenye dirisha moja si mahali pa kuivuta gesi hiyo. Magadi soda na siki, ambavyo najua umeshaambiwa, havina madhara, lakini lile povu ni gesi tu inayotoka. Vikimaliza kutoa povu vimeshauana vyenyewe, mafuta yako pale pale.

Na maji ya kutokota? Kama bomba lako ni la plastiki, na nyumba nyingi za siku hizi ndivyo zilivyo, usiyamwage yakiwa yametoka motoni. Kabla maji hayajafika nyuzi 100 plastiki ya PVC imeshaanza kulainika, na bomba lililolainika linalegea na kubonyea pale lilipokosa nguzo. Maji ya moto ya kuoshea vyombo yanatosha. Hata maji ya kuchuja tambi yapozwe kwanza kwa kufungulia koki ya baridi wakati unayamwaga.

Sasa tuingie chini ya kabati. Toa kila kitu, sabuni, ndoo, mifuko, kila kitu. Chukua tochi. Futa mabomba yote kwa kitambaa kikavu, kisha tandika karatasi ya chooni chini, pana, kila upande. Karatasi ya chooni haifichi tone. Usimwage maji yoyote, kaa nusu saa. Karatasi ikilowa wakati hakuna aliyetumia sinki, basi kinachovuja ni maji safi: mpira unaopeleka maji kwenye koki, au ile koki ndogo ya pembeni, maana huko maji yana presha muda wote. Kama ni pakavu, ziba matundu yote mawili, jaza mabakuli, ngoja tena. Likitoka tone hapo, ni wesiti, kile kichujio cha chuma kilichobanwa kwenye tundu la sinki. Silikoni au raba yake imekufa. Kama bado ni pakavu, zibua maji yashuke yote kwa pamoja, na papo hapo pitisha kipande cha karatasi kuzunguka kila nati, ukianzia juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipolowesha karatasi ndipo panapovuja. Watu wengi wanaangalia pale tone linapodondokea, na maji hutembea juu ya bomba kama jasho kabla hayajadondoka.

Kuna jambo la nne ambalo limewahi kunisumbua asubuhi nzima kabla sijaligundua: mabomba yote makavu, na kabati bado linalowa. Maji yalikuwa yanapita juu, nyuma ya koki, pale silikoni kati ya sinki na ukuta ilipobanduka. Kila mwosha vyombo akirusha maji, mengine yanateremka nyuma ya kabati. Pitisha kidole pale. Kikiingia, umepata.

Kwa upande wako lakini nitaweka dau kwenye mahali pengine. Angalia pale bomba jipya lenye mikunjo, lile tunaloliita fleksibo, linapoingia kwenye bomba la plastiki la ukutani au sakafuni. Nina hakika kubwa kwamba limechomekwa tu. Bomba la ukutani ni la inchi moja na nusu au mbili, fleksibo ni jembamba kuliko hilo, na pembeni pamebaki uwazi, labda umezibwa kwa mfuko wa plastiki au tambara. Maji yakiwa yanateremka vizuri hutaona kitu. Njia ikiziba mbele, maji yanapanda na kutokea kwenye uwazi huo, ndiyo yanayovimbisha ubao wako. Usiku kukiwa kimya, hewa ya shimo la maji machafu inatokea hapo hapo. Na wale mende wakubwa, wekundu wa kahawia, ni wakazi wa mashimo na mifereji ya maji machafu; si wale wadogo wa kabatini. Ukiwaona wakubwa jikoni, tafuta tundu linalounganisha jiko na shimo.

Hapa nieleze trapu ni nini, kwa sababu ulinyang'anywa bila kuambiwa kazi yake. Lile bomba lililopinda halikupindwa ili lienee kabatini. Kwenye ule mpindo hubaki maji kila wakati, kina cha sentimita 5 hadi 7.5, na maji hayo ndiyo mlango. Maji machafu yanapita kwenda, hewa ya shimo haipiti kurudi. Mtengeneza saa mmoja wa London, Alexander Cumming, alipewa hataza ya choo chenye mpindo wa namna hiyo mwaka 1775, na mpaka leo nyumba zetu zinategemea yale yale maji kidogo yaliyosimama. Fundi wako aliutoa mlango akaacha kizingiti. Wapo wanaoipinda fleksibo na kuifunga kwa waya ili ishike maji, lakini inalegea, na kila mkunjo wa ndani ni rafu ya kuwekea mafuta na punje za wali. Mimi siiweki jikoni kabisa. Kwenye sinki la kunawia mikono, bafuni, ikiwa fupi na imenyooka kuelekea kwenye trapu, naivumilia.

Kwa hiyo trapu itarudi. Lakini usinunue kitu bado, kwa sababu hatujajua kilichoziba ni nini.

Ulisema maji yanapanda bakuli la pili. Hilo linatuambia kwamba mahali palipoziba pako baada ya tii, pale mabakuli mawili yanapokutana. Lingekuwa limeziba bakuli moja, lingejaa lenyewe, lingine lingeendelea kushusha. Na kwa kuwa baada ya tii kuna trapu au fleksibo, na hiyo ilibadilishwa ikawa mpya na bado likaziba wiki mbili baadaye, mwizi yuko mbele zaidi. Trapu yako ya zamani ilifukuzwa kazi bila kosa.

Toka nje. Nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye nyumba nyingi za Dar, kuna kibakuli kilichozama ardhini chenye chujio juu. Hilo ndilo gali. Maji ya sinki yanaingia hapo, kisha yanakwenda kwenye chemba, kile kishimo chenye kifuniko cha kukagulia mabomba, kisha septiki au shimo. Wengine wamelifukia kwa udongo wa bustani au wameweka ngazi ya tofali juu yake, litafute. Funua, mwambie mtu aliye ndani amwage ndoo moja ya maji kwenye sinki, na wewe tazama. Maji yakichelewa kufika, au yakitoka kwa kudondoka, kuziba kuko kati ya sinki na gali, yaani ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Gali likiwa limejaa mpaka mdomo wa bomba linaloingia umezama, kuziba kuko kwenye gali lenyewe au mbele yake. Fungua na kifuniko cha chemba inayofuata, uangalie ukiwa umesimama nje. Chemba ikiwa imejaa, na choo nacho kinashusha kwa kusitasita, hiyo si kazi yako wala ya fundi wa sinki: septiki imejaa au njia kuu imeziba, mwite mwenye nyumba alete gari la kunyonya. Na usikie usisikie, mtu yeyote asiingie ndani ya shimo au septiki kuchunguza, hata kwa dakika moja, hata akiwa amefungwa kamba. Gesi ya humo inaangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Hivyo ndivyo nyumba moja inavyopoteza watu wawili au watatu kwa siku moja.

Mara nyingi, dada, hadithi huishia kwenye gali. Ukifunua chujio utakuta keki, nyeupe au ya kijivu, ngumu kama samli iliyoganda, imefunika maji yote. Ni mafuta ya kupikia, tui, na sabuni. Nyumba inayotumia maji ya kisima yenye chumvi huipata haraka zaidi, kwa sababu sabuni ya mche kwenye maji magumu haitoi povu vizuri. Inageuka ule utando mweupe unaonata. Mafuta ya nazi yenyewe huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai hata Dar tunashuka huko. Vaa glavu ndefu. Chota keki kwa upawa wa zamani ambao hautarudi jikoni, weka kwenye mfuko, peleka takani. Usiisukume mbele kwa fimbo. Ukiisukuma umeihamishia kwenye bomba la chini ya ardhi, na huko kuitoa ni kuchimba. Ukimaliza ingiza mkono mpaka chini ya gali. Utatoa mchanga, vijiko vya chai, vifuniko vya soda. Jikoni kwangu mwenyewe nilitoa kisu kidogo cha kumenyea.

Ikiwa gali ni safi na maji bado hayafiki, kuziba kuko ukutani. Jaribu kwanza ile pampu ya raba yenye mpini, lakini si kama kuna kostiki humo. Ikiwa uliimwaga Jumamosi hii, mwaga ndoo kadhaa za maji kidogo kidogo kadiri yanavyoshuka, mpaka uhakikishe imepita, na vaa miwani. Ziba tundu la bakuli la pili kwa kitambaa kilicholowa, na kile kitundu cha juu cha kuzuia maji kufurika nacho kizibe, vinginevyo unasukuma hewa izunguke tu. Maji yafunike raba. Sukuma na vuta mara 15 au 20; kule kuvuta ndiko kunakozibua, zaidi ya kusukuma. Kwa fleksibo iliyochomekwa kama yako pampu haitafaa, itatapika yote kabatini, basi ruka hatua hiyo.

Ondoa fleksibo, ndoo ikiwa chini. Sasa mdomo wa bomba la ukutani uko wazi mbele yako. Chukua waya wa kuzibulia, ule wa springi wenye mpini wa kuzungusha. Wa mita 5 unatosha sinki nyingi. Uingize kwa mkono mpaka ukwame. Usilazimishe. Zungusha kuelekea kulia huku ukisukuma kidogo, rudi nyuma kiganja kimoja, zungusha tena. Utasikia tofauti mkononi: elbo, yaani kona ya bomba, ni ngumu na ya ghafla, waya ukizungushwa unapinda na kupita, donge la mafuta ni laini, linakubali, kama kuchoma kisu kwenye muhogo uliochemshwa. Vuta polepole, futa waya kwa tambara kila unapotoka. Kinachotoka kwenye ncha kitakuambia nyumba inapika nini. Kisha mwagia maji ya moto yenye sabuni kwa ndoo na faneli, na yule wa nje akuambie yanakuja vipi.

Waya ukipita mpaka ukaonekana kwenye gali, maji yakaenda vizuri, na baada ya mwezi yakarudi kuziba, acha kumlaumu mpishi. Bomba halina mteremko. Hili nimelikuta mara nyingi kwenye nyumba ambazo jiko liliongezwa baadaye: gali limebaki lilipokuwa, jiko limesogea, bomba likalazwa karibu sawa ili lisikate nondo au lisipite juu ya sakafu. Bomba la sinki linataka kushuka sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Kama kutoka sinki mpaka gali ni mita 4, tofauti ya juu na chini iwe sentimita 8 hadi 10. Huhitaji kifaa cha gharama kupima. Chukua mpira mwangavu ule wanaotumia waashi kama pima maji, jaza maji bila kuacha mapovu, upande mmoja uwe kwenye mdomo wa bomba ndani, wa pili upitie dirishani au mlangoni mpaka kwenye gali. Maji hukaa usawa mmoja pande zote. Weka alama ukutani nje, kisha pima kutoka alama hiyo kushuka mpaka mdomo wa bomba. Ukipata sentimita 3 kwenye mita 4, hakuna dawa, hakuna waya, hakuna sinki jipya litakalosaidia. Linatakiwa lichimbuliwe na kulazwa upya, au gali lisogezwe karibu na jiko, ambayo mara nyingi ni nafuu.

Wakati tatizo ni hewa utalijua kwa sauti. Maji yanaposhuka vizuri mpaka mwisho, halafu sinki linavuta "glo-glo-glo" na baadaye harufu inakuja, ina maana maji yaliyokuwa yanakimbia yamenyonya na yale ya kwenye trapu. Hutokea zaidi trapu inapoteremka moja kwa moja sakafuni kuliko inapoingia ukutani. Bomba la hewa lililopandishwa ukutani nje mpaka juu ya paa linamaliza jambo hilo.

Sasa nunua. Trapu ya bomba iliyopinda, inchi moja na nusu, yenye nati za kufungulia kwa mkono. Ile ya chupa ni nzuri kwa macho na inaenea kabatini, ila jikoni kwa watu wa wali inajaa haraka. Pima mara mbili kabla hujakata plastiki kwa msumeno wa chuma, kisha kwangua ndani ya ulipokata kwa kisu, kwa sababu zile nyuzi za plastiki zinazobaki ndizo zinazokamata punje ya kwanza. Ukifika kwenye raba, itazame vizuri: ina upande bapa na upande uliochongoka. Bapa uelekee kwenye nati, uliochongoka uingie kwenye kiungo. Nimeona trapu mpya kabisa ikivuja mwaka mzima kwa sababu ya raba iliyogeuzwa, na fundi akaizungushia tepu nyeupe mpaka nati ikapasuka. Kwenye nati hizi tepu haina kazi, raba ndiyo inayozuia maji. Kaza kwa mkono mpaka igome, ongeza robo ya mzunguko, basi. Pale trapu inapoingia ukutani, kama vipimo havilingani, ipo raba ya kupunguzia inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Inakaza bomba pande zote. Mfuko wa plastiki usirudi tena pale. Ukifunga hiyo, mende wakubwa watakoma, na kama harufu imebaki, sugua sehemu ya juu ya wesiti kwa mswaki wa zamani na sabuni, na kile kitundu cha kufurikia usikisahau, maana kina utando wake.

Jambo la namna ya kuosha vyombo wengi hawalipendi, lakini nitalisema kwa sababu najua maji ya mgao yalivyo. Tunaosha kwenye beseni kwa maji kidogo, na mwisho tunamwaga uji mzito wa mafuta na ugali ulioloweka, halafu hakuna maji ya kuusindikiza. Maji machache ya polepole yanaacha mafuta njiani. Futa sufuria na sahani kwa karatasi au kwa ganda la limau kabla hujaosha. Ukoko wa ugali na mabaki ya wali yaende kwa kuku au takani, kwa sababu yanafura ndani ya bomba. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yatie kwenye chupa. Ukisugua masizi kwa mchanga au majivu, fanyia nje, maji yale yasipite sinki; mchanga unalala chini ya trapu na hauondoki kwa maji. Na mara moja kwa siku, hata kama ni ndoo moja tu uliyonayo, ziba tundu, jaza bakuli, zibua kwa ghafla. Ndoo moja inayokwenda kwa pamoja inasafisha bomba kuliko ndoo tatu zinazodondoka kutwa.

Kwa kuwa umepanga, gawanya gharama kwa haki. Trapu na raba ni vitu vidogo, mimi ningejinunulia nisisubiri. Gali, bomba la chini ya sakafu, mteremko na septiki ni mali ya mwenye nyumba, na ubao wa kabati ukioza ni wake pia. Mpigie ukiwa na picha mbili: ile ya fleksibo ilivyochomekwa, na ile ya gali likiwa limefunuliwa. Vipimo vya mpira wa maji viandike kwenye ujumbe. Mwenye nyumba akisoma "sentimita 3 kwenye mita 4" atajua huna malalamiko ya hewani.

Fundi akija mara ya nne, kabla hajafungua begi muulize: kuziba kuko kabla ya gali au baada? Kama hajatoka nje kuangalia, mpe maji ya kunywa, umsindikize. Akienda nje mwenyewe bila kuambiwa, mwache afanye kazi.

Ukimaliza kufunga, jaza mabakuli yote mawili, zibua yote kwa mara moja, tochi ikiwa chini na karatasi ya chooni imetandikwa. Karatasi ikibaki kavu, maji yakashuka bila kupanda upande wa pili na bila ile sauti ya kuvuta, acha kabati wazi siku tatu ubao ukauke kabla hujarudisha vitu. Kama bado yanapanda, niandikie tena unieleze umbali kutoka sinki mpaka gali na vipimo ulivyopata, tuendelee kutoka hapo.